SHEIKH ABDALLAH SALEH FARSY: MTAFITI ALIYEKUWA MWALIMU MKUU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi, katika nyumba nyingi za Waislamu imo Qurani Takatifu yenye tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Jina lake tunalijua, lakini si wengi wanaojua kuwa sheikh huyu alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, kisha mkaguzi, kisha mwalimu mkuu. Tumeona tuwaeleze maisha yake kwa upande huo, maana yana funzo kwa kila aliyekabidhiwa watoto wa watu.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma shule za serikali, na huku akihudhuria darsa za masheikh wakubwa wa mjini. Miongoni mwao ni Sheikh Abubakar, mtoto wa Sheikh Abdallah Bakathir wa Ukutani aliyefariki 1925, na Sayyid Omar bin Sumeit. Hivyo alikua akizijua njia zote mbili za kusomesha, ya shule na ya msikitini.

KAZI ZAKE

Alianza kufundisha shule za serikali mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baadaye akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba, akafundisha chuo cha ualimu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akawa mwalimu mkuu wa shule iliyosomesha kwa lugha ya Kiarabu. Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar. Mwaka 1967 alihamia Kenya, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 10. Alifariki Oman mwaka 1982. Mwenyezi Mungu amrehemu.

UTAFITI WAKE

Kazi hizo hazikumzuia kutafiti. Mwaka 1942 alitoa kitabu juu ya Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1944 akatoa kitabu juu ya Imam Shafi na wanavyuoni wa Afrika Mashariki, ambacho baadaye alikipanua. Mwaka 1956 kikatoka kitabu chake juu ya ada za harusi za Unguja.

Kitabu cha wanavyuoni ndicho kinachotuhusu zaidi sisi walimu. Ndani yake ameandika nani alisoma kwa nani, vitabu gani, wapi, na nani walikuwa wanafunzi wake. Humo yumo Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyefanywa Kadhi wa Kilwa yetu hii akiwa bado kijana, katika zama za Sayyid Said. Lau Sheikh Farsy asingekusanya habari hizi, nyingi zingezikwa pamoja na wazee waliozijua.

Tafsiri yake nayo ilitokana na kuitazama hali kama ilivyo. Mwaka 1923 mmisionari Godfrey Dale alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, na mwaka 1953 Ahmadiyya wakatoa yao. Waislamu wengi walisoma Qurani bila ya kujua maana, na anayetaka maana akaipata kwa hao. Sheikh Farsy hakutosheka na kulaumu. Alizisoma tafsiri hizo, akaonyesha makosa aliyoyaona, na akaandika ya kwake. Sehemu zake zilianza kutoka miaka ya 1950, na kamili ikachapwa Nairobi mwaka 1969. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, na aliifanya huku akiwa na shule na hukumu mikononi.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kiongozi wa shule asiamue kwa kudhani. Kwetu Njinjo, msimu wa ufuta ukifika madrasa hupungua watoto. Ni rahisi kusema kuwa watoto ni wavivu au wazazi hawajali. Lakini daftari la mahudhurio likitazamwa wiki kwa wiki, na wazazi wakiulizwa, hujulikana nani yuko shamba, nani anaumwa, na nani amekata tamaa kwa kuachwa nyuma na wenzake. Kila mmoja ana dawa yake. Kiboko kimoja hakiwatibu wote.

2. Yaliyojulikana yaandikwe. Mwalimu huhama na mwalimu hufa. Pasipo maandishi, anayekuja huanza upya, na hasara ni ya mtoto.

3. Elimu ya kitabuni irudi darasani. Walioandika juu ya malezi na usomeshaji wamefanya kazi kubwa, lakini haimfai mtoto mpaka mwalimu mkuu aisome, aijaribu na aipime kwa watoto alionao.

4. Nanyi wanafunzi, waulizeni babu na bibi zenu walisoma kwa nani, kisha andikeni. Huo ndio mwanzo wa utafiti, na kalamu na daftari mnavyo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amlipe Sheikh wetu Pepo, na atujaalie viongozi wanaotafuta kujua kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.