George Green: Msaga Nafaka Aliyeandika Juu ya Umeme



Ndugu zangu, mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Fizikia niliiaga sekondari. Lakini chumba nilichopanga Malukhu kiko karibu na mashine ya kusaga mahindi, na mwenzangu wa chumbani anasoma fizikia. Usiku mmoja alikuwa akihangaika na swali la chaji nne za umeme zilizo sawa, zimewekwa kwenye pembe nne za mraba. Nilipomuuliza ni nani aliyewaletea taabu hiyo, akanitajia msaga nafaka. Nikataka kumjua.

George Green alizaliwa mwaka 1793 mjini Nottingham, Uingereza, baba yake akiwa mwoka mikate. Alisoma shule kwa mwaka mmoja na kidogo tu, kisha akaingia kazini akiwa na miaka 9. Mwaka 1807 baba yake alijenga kinu cha upepo huko Sneinton, na kijana akawa msagaji. Kazi ya kinu hufuata upepo, uvume mchana au usiku. Katikati ya kazi hiyo alijifunza hisabati, hata akazielewa kazi za Wafaransa Laplace na Poisson.

Mwaka 1828 alichapisha kitabu chake kuhusu umeme na sumaku. Walionunua kwa kujiandikisha walikuwa 51 tu. Humo ndimo alimoipa jina potensheli.

Mwenzangu alinieleza hivi. Katikati ya ule mraba, kila chaji inasukuma kuelekea upande wake, na misukumo inafutana. Uga wa umeme pale ni sifuri. Lakini potensheli haina mwelekeo, basi haifutani: michango ya chaji zote nne inajumlishwa. Ni kama kusimama mahali tambarare juu ya mlima Wanale. Huteremki upande wowote, lakini uko juu.

Baba yake alipofariki mwaka 1829, Green alirithi kinu. Mwaka 1833, akiwa na miaka 40, alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na vijana wadogo kwake, akahitimu mwaka 1837 akiwa wa nne katika hisabati. Sisemi alikuwa mfano katika kila jambo; alizaa watoto saba bila kufunga ndoa. Alifariki mwaka 1841, na kitabu chake kilikuwa karibu kimesahauliwa. Mwaka 1845 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipata nakala, akawaonyesha wanahisabati wa Paris. Baadaye kikachapishwa tena Berlin. Mwenyewe hakuyaona hayo.

Tangu hapo nikisikia mashine ya jirani inanguruma kwa umeme, ninajiuliza: ningesoma hivi kama hakuna mtihani, cheti wala mtu wa kunisifu? Sisi tumefundishwa kuwa elimu yenye manufaa ni miongoni mwa amali zinazoendelea baada ya kufa, na kwamba amali hulipwa kwa nia. Huyu hakuwa na mafunzo hayo, akavumilia. Sisi tunayo, na bado tunalalamika maktaba ikifungwa mapema au wahudhuriaji wa darsa wakiwa watano.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na nia safi. Amin.