C. S. Lewis na Hekaya Alizozisoma kwa Siri

Clive Staples Lewis alizaliwa mjini Belfast, Ireland, tarehe 29 Novemba 1898. Baba yake alikuwa wakili na mama yake, Flora, msomi wa hisabati. Nyumba waliyohamia mwaka 1905 ilisheheni vitabu kila mahali, vingine vikiwa vimepangwa safu mbili katika rafu moja, na hakuna aliyemzuia mtoto kukisoma chochote kati ya hivyo. Yaya wake naye alimsimulia ngano za Kiayalandi. Zaidi ya hayo, Lewis alirithi vidole gumba vyenye kiungo kimoja tu, hata akashindwa kazi nyingi za mikono. Mtoto asiyeweza kukata na kugundisha karatasi akawa hana budi kujenga ngome zake kwa maneno.

Pamoja na kaka yake, Warren, alibuni nchi iliyoitwa Boxen, ambamo wanyama walivaa nguo, wakaketi bungeni na kusafiri kwa reli na meli. Alipoyapitia maandishi hayo ukubwani, Lewis mwenyewe aliona kwamba hayakuwa na maajabu yoyote ndani yake. Hukumu hiyo ni ya haki. Mnyama kusema hakutoshi kuifanya hadithi kuwa hekaya. Wanyama wa Boxen ni wanasiasa wenye manyoya. Kilichomtikisa mtoto huyo kilitoka kwingine: katika kitabu kidogo cha Beatrix Potter kuhusu kuchakuro mtundu, alikutana na majira ya kupukutika kwa majani, akashikwa na shauku ya kitu asichoweza kukitaja jina.

Mnamo Agosti 1908 Flora alifariki kwa saratani. Mwanawe alikuwa amemwomba Mungu amponye, na hata baada ya kifo akaendelea kutarajia muujiza. Haukuja. Mwezi uliofuata alipelekwa Uingereza katika shule ya bweni, maisha aliyoyachukia. Kufikia umri wa miaka kumi alikuwa akisoma hekaya kwa kujificha, kwani angeona haya kuu kama angefumaniwa. Mvulana anayetaka kuonekana mkubwa hana ruhusa ya kupenda majitu na wachawi.

Haya hiyo ilianza kuyeyuka alipopelekwa mwaka 1914 kwa mwalimu wa faragha, William Kirkpatrick, katika kijiji cha Great Bookham. Kirkpatrick alimfunza Kigiriki, Kilatini na ukali wa mantiki. Lakini katika barua alizomwandikia rafiki yake Arthur Greeves, kijana huyo alimwaga maoni yake kuhusu vitabu bila woga: kipi kinachosisimua, kipi kinachochosha, kipi kimejalidiwa vibaya. Mwaka 1916 alinunua katika kituo cha reli riwaya ya kifantasia ya George MacDonald iitwayo Phantastes, iliyochapishwa mwaka 1858. Alimhimiza Greeves aitafute mara moja. Mwaka huohuo alimweleza rafiki huyo kwamba yeye haamini dini yoyote. Hakujua kwamba hekaya ya mhubiri Mkristo ilikuwa imekwisha kuiingilia fikra yake kupitia mlango ambao mantiki ya Kirkpatrick haikuulinda.

Alijeruhiwa vitani Ufaransa mwaka 1918, kisha akasoma na hatimaye kufundisha Oxford. Huko alikutana na J. R. R. Tolkien. Hadi wakati huo Lewis alishikilia kwamba visasili ni uongo, ijapokuwa ni uongo mzuri. Usiku mmoja wa Septemba 1931, wakitembea katika bustani ya Chuo cha Magdalen pamoja na Hugo Dyson, Tolkien alilipinga wazo hilo kwa nguvu, na muda mfupi baadaye Lewis aliurudia Ukristo.

Uhakiki wake wa hekaya ulipevuka tangu hapo. Katika insha moja ya mwaka 1947 aliitumia riwaya ya Rider Haggard ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1929 kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa tafsiri ya Frederick Johnson. Mashujaa wa riwaya wanafungiwa ndani ya mwamba, gizani, karibu na wafalme waliokufa. Watengenezaji wa filamu waliona hayo hayatoshi, wakaleta mlipuko wa volkano na tetemeko la ardhi. Kwa Lewis, huo ulikuwa uharibifu: hofu ya kaburi lililo kimya si hofu ya kukimbia hatari, na msomaji hatafuti msisimko tu bali ladha ya ulimwengu ule hasa. Ni vigumu kumpinga, hasa kwa yeyote aliyewahi kuisikiliza ngano ileile mara ishirini huku mwisho wake akiujua.

Katika mhadhara wa mwaka 1952 alisema wazi kwamba wasiwasi wa kutaka kuonekana mtu mzima ndio hasa utoto, na kwamba hadithi inayowafaa watoto pekee ni hadithi mbaya hata kwao. Wakati huo riwaya zake saba za Narnia, zilizotoka kati ya 1950 na 1956, zilikuwa zimeanza kusomwa. Tolkien hakuzipenda, na dosari aliyoiona ipo: viumbe wa visasili vya Kigiriki na Baba Krismasi wanachanganywa humo kama mboga sokoni. Lakini katika The Magician's Nephew ya mwaka 1955, mvulana mwenye mama mgonjwa mahututi anapelekwa kwenye bustani yenye tufaha la uponyaji. Anashawishiwa aliibe. Anakataa, akiamini kwamba amempoteza mama. Kisha anapewa tufaha kwa halali, na mama anapona. Miaka 47 ilikuwa imepita tangu kifo cha Flora.

Barua za watoto zilimiminika, naye akawa anazijibu mwenyewe kwa adabu aliyowapa maprofesa wenzake. Tarehe 21 Novemba 1963, akiwa mgonjwa, alimwandikia mvulana mmoja kumsifu kwa ubora wa barua yake. Alifariki kesho yake alasiri, siku aliyouawa Rais Kennedy wa Marekani, na magazeti hayakuwa na nafasi kubwa kwa habari nyingine.