Eric Geddes, mfanyabiashara aliyepewa shoka la kupunguza watumishi wa umma

Mwezi Februari 1922 walimu, makarani, askari na mabaharia wa Uingereza waliamka na swali moja: shoka litamwangukia nani? Shoka lenyewe lilikuwa ripoti ya kamati ya watu watano, na mwenyekiti wake alikuwa Sir Eric Geddes, bwana wa reli ambaye hakuwahi kuwa mtumishi wa serikali hadi vita vilipomwita. Tangu siku hizo jina lake halijaachana na neno hilo. Hata leo, serikali ya Uingereza inapotaka kupunguza wafanyakazi, wapo wanaokumbusha Shoka la Geddes.

Alizaliwa Septemba 26, 1875 mjini Agra, India, katika familia ya Kiskoti. Baba yake alikuwa mhandisi. Shuleni hakutulia, zaidi ya shule moja zilimtaka aondoke. Akiwa kijana wa miaka kama 17 alivuka bahari kwenda Marekani, na huko akafanya kila kazi iliyojitokeza: aliuza mashine za taipu, alikata magogo msituni, akafanya kibarua kwenye treni za mizigo. Baadaye alirudi India na kupata kazi ya reli kaskazini mwa nchi hiyo. Hapo ndipo alipoipata fani yake.

Fani hiyo ni kusafirisha mzigo. Aliporejea Uingereza na kuajiriwa na Reli ya Kaskazini Mashariki, aliwashangaza wakubwa wake kwa namna alivyopenda hesabu. Alitaka kujua kila behewa limebeba tani ngapi, limekwenda maili ngapi na limekaa siku ngapi bila kazi. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 alikuwa naibu meneja mkuu wa kampuni hiyo, hajafikisha hata miaka 40.

David Lloyd George, aliyekuwa akitafuta watu wa biashara wa kuongeza kasi ya kutengeneza silaha, alimchukua mwaka 1915. Mwaka uliofuata alimpeleka Ufaransa, ambako jeshi la Uingereza lilikuwa limekwama kwa jambo ambalo kila anayevusha bidhaa mpakani analijua: msongamano. Meli zilijaa bandarini, mabehewa hayakutosha, barabara zilikatika, na mizinga mbele ilisubiri risasi zilizokuwa zimelala nyuma. Geddes hakuanza kwa kutoa amri. Alihesabu kwanza mzigo unaotakiwa kufika mbele kila wiki, kisha akajenga bandari, reli na njia za reli nyembamba za kuufikisha. Mzigo ukatembea.

Kwa kazi hiyo alipewa cheo cha meja jenerali. Mwaka 1917 akahamishiwa Jeshi la Majini na kupewa cheo cha makamu admirali, halafu akawa waziri wa jeshi hilo. Raia aliyevaa sare za majeshi mawili lilikuwa jambo la ajabu, na maofisa wengi hawakulipenda. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 1918 aliahidi wapiga kura kwamba Ujerumani ingekamuliwa fidia kama limau mpaka mbegu zilie. Ahadi hiyo ilimfuata maisha yake yote.

Mwaka 1919 akawa Waziri wa Uchukuzi, wa kwanza katika wizara mpya. Alitunga Sheria ya Reli ya mwaka 1921 iliyounganisha kampuni zaidi ya 100 za reli kuwa nne kubwa. Muungano wa namna hiyo huwaacha watu bila kazi, na sheria ilitambua hivyo: iliweka masharti ya kuwalinda wafanyakazi wa kampuni zilizounganishwa na kuwafidia ambao wangepoteza nafasi zao. Jambo hilo lilisahaulika upesi, lakini linafaa kukumbukwa kwa sababu ya yaliyofuata.

Uingereza ilikuwa imetoka vitani na deni kubwa. Biashara ya nje ilianguka, na katikati ya mwaka 1921 watu wasio na kazi walifika milioni mbili. Magazeti ya tajiri Lord Rothermere yalipiga kelele kila siku kuhusu ubadhirifu serikalini, na wagombea waliosimama kwa ajenda hiyo walianza kushinda chaguzi ndogo. Wizara ya Geddes mwenyewe ilikuwa miongoni mwa zilizolaumiwa kwa kula fedha nyingi. Lloyd George, sasa akiwa Waziri Mkuu, alihitaji kuonyesha kwamba anabana matumizi. Waziri wa Fedha, Sir Robert Horne, alizitaka wizara zipunguze pauni milioni 175. Zenyewe zilikubali kupunguza milioni 75 tu. Agosti 1921 Geddes alipewa kamati ya kutafuta milioni 100 zilizobaki.

Wajumbe wenzake wanne walikuwa wakuu wa biashara. Mmoja wao, Lord Inchcape, aliongoza kampuni ya British India, ambayo meli zake zilibeba abiria na shehena Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Hakukuwa na mwalimu katika kamati hiyo, wala karani, wala mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Walikaa na vitabu vya hesabu vya wizara, wakaita wakuu wa idara na kuwahoji kama mwenye duka anavyomhoji mtunza stoo.

Mapendekezo yao yalifika karibu pauni milioni 87. Sehemu kubwa ilitoka majeshini: watu 50,000 waondoke jeshi la nchi kavu na 35,000 wa Jeshi la Majini. Elimu ipunguziwe milioni 18, watoto walio chini ya miaka sita wasipokewe shuleni, madarasa yaongezewe wanafunzi ili walimu wapungue.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kupunguza watu si sawa na kupunguza mabehewa. Wizara ya Jeshi la Majini ilichapisha majibu yake hadharani na kusema kamati haikuielewa kazi yake. Walimu waliandaa mikutano, wazazi wakaungana nao, na wabunge wakaanza kuhesabu kura. Baraza la Mawaziri likarudi nyuma. Mwishowe kilichokubaliwa kilikuwa zaidi kidogo ya pauni milioni 50. Kwenye elimu kilipita karibu theluthi moja tu ya kilichopendekezwa, na watoto wa miaka mitano wakabaki madarasani. Lakini mishahara ya walimu ilianza kukatwa asilimia 5 kuchangia pensheni ambayo hapo awali hawakuichangia.

Wenye sauti kubwa walipunguziwa makali. Wasio na sauti walikatwa. London ilikuwa na kikosi cha askari polisi wanawake zaidi ya 100. Kamati ilishauri kivunjwe chote. Wabunge wawili wanawake waliokuwepo bungeni wakati huo, Nancy Astor na Margaret Wintringham, walikipigania, na wakabaki askari 20. Dada yake Geddes, Dk. Mona Chalmers Watson, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kikosi cha wanawake jeshini mwaka 1917.

Maofisa wa Jeshi la Majini waliolazimishwa kustaafu walipewa kiinua mgongo na pensheni. Wengi walikuwa vijana waliolelewa kwa kazi moja tangu utotoni, na fedha ile ilikuwa mtaji wao wa kwanza na wa mwisho. Baadhi waliiweka kwenye mashamba ya kuku na maduka madogo, biashara wasizozijua, na ikaisha.

Geddes hakuyaona hayo akiwa serikalini. Aliondoka barazani kabla ya mwisho wa mwaka 1921 na bungeni mwaka 1922. Alikwenda kuiokoa kampuni ya matairi ya Dunlop, iliyokuwa karibu kufilisika, na akaifanya ipate faida tena. Mwaka 1924 akawa mwenyekiti wa shirika jipya la ndege, Imperial Airways, lililolipwa ruzuku na serikali ileile aliyokuwa ameibana. Mwaka 1931 ndege za shirika hilo zilianza safari za kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, na mwaka 1932 zikafika Cape Town. Barua iliyochukua wiki kadhaa kwa meli ikaanza kufika Ziwa Victoria kwa siku chache. Alifariki Juni 22, 1937 akiwa na umri wa miaka 61, bado akiongoza kampuni hizo mbili.

Waliomtetea walisema nchi ilihitaji mtu asiye na rafiki wa kumhurumia wizarani, na kwamba bila yeye hata hizo milioni 50 zisingepatikana. Ni kweli kwamba matumizi ya majeshi yalishuka sana baada ya ripoti yake, ingawa Mkataba wa Washington wa mwaka huohuo wa 1922, uliozuia mashindano ya kujenga manowari, ulisaidia pia. Waliomlaumu walisema alipewa kiasi cha fedha cha kutafuta kabla ya yeyote kuamua serikali iache kazi gani. Alijua kila idara inagharimu kiasi gani. Hakuulizwa mwalimu akiondoka nani atafundisha, wala aliyeondoka atakula nini mwaka wa pili.

Afrika Mashariki iliyaonja hayo miaka ya 1990, wakati serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zilipopunguza maelfu ya watumishi wa umma katika mageuzi yaliyohimizwa na Benki ya Dunia na IMF. Kama wale maofisa wa mwaka 1922, wako waliotoka ofisini na bahasha ya kiinua mgongo na kuingia sokoni bila kuijua biashara. Na aliyekuwa sokoni tayari aliisikia hasara kwa upande wake, maana karani aliyepoteza mshahara ni mteja aliyepotea.

Kule Ufaransa mwaka 1916, Geddes alihesabu mzigo kwanza, ndipo akaamua njia. Kwenye reli mwaka 1921, sheria yake iliweka fidia kabla ya kazi kupotea. Agosti 1921 alipewa kiasi cha kukata, na hesabu ya watu ikaachiwa wengine.