Mwanagenzi wa kinyozi aliyeuona mpaka ndani ya ubongo

Jina la Santiago Ramón y Cajal nililisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2010, nikiwa na umri wa miaka 29, nimekaa dawati la nyuma katika darasa la saikolojia na sielewi kitu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimerudi Burundi kutoka Mishamo, Tanzania, nilikozaliwa kwa wazazi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na sasa nilitakiwa kusomea upya ualimu kwa Kifaransa ili cheti changu kitambulike.

Siku hiyo somo lilikuwa ubongo. Mkufunzi alichora ubaoni kitu mfano wa mti uliong'olewa na mizizi yake, akasema hiyo ndiyo nyuroni, chembe hai inayobeba fikra zetu. Nikauliza swali kwa Kifaransa changu cha kubabaisha. Darasa likacheka. Mkufunzi naye akanijibu kwamba kichwa kilichokwisha komaa hakipokei tena lugha mpya, na kwamba Cajal mwenyewe, aliyezigundua nyuroni, ndiye aliyesema hivyo.

Ndugu msomaji, neno hilo liliniuma kuliko kicheko cha darasa zima. Nikaamua kumtafuta huyo Cajal, nijue ni mtu gani aliyenihukumu bila kuniona.

Nilichokikuta ni maisha ya mtu ambaye kwa hesabu za walimu wake hakutakiwa kufika popote. Alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alianza kama kinyozi wa zamani, wale waliokuwa wakinyoa ndevu na papo hapo kutumbua majipu, kisha akahangaika na shule hadi akawa daktari kamili. Kazi ya udaktari wa vijijini iliihamisha familia mara kwa mara. Walipofika mji mdogo wa Ayerbe mwaka 1860, watoto wa pale walimpokea Santiago kwa kejeli, kwa kuwa mavazi yake na usemi wake havikufanana na vyao. Wale waliorudi nyumbani wakiongea Kirundi chenye lafudhi ya Tabora wananielewa hapa.

Alikuwa mtundu, tena mtundu wa kupindukia. Akiwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga wake mwenyewe, akauelekeza kwenye lango la jirani, akalivunja. Aliwekwa jela siku chache. Shuleni alifungiwa katika chumba cha giza kama adhabu, na humo humo akaona jambo la ajabu: mwanga uliopenya kwenye kitundu ulichora darini picha za watu na wanyama waliokuwa wakipita nje, wakiwa kichwa chini miguu juu. Mtoto mwingine angelia. Yeye alikaa akiziangalia.

Alichotaka ni kuwa mchoraji. Baba hakutaka hata kusikia, kwani kwake uchoraji ulikuwa njia ya uhakika ya kulala njaa. Masomo yalipozidi kuharibika, alimtoa shule akampeleka kuwa mwanagenzi wa kinyozi, kisha wa fundi viatu. Kilichowapatanisha baba na mwana ni mifupa. Mwaka 1868 mzee alimpeleka makaburini kukusanya mifupa ya watu wa kale ili amfundishe anatomia. Kijana alipoanza kuichora mifupa ile aligundua kwamba udaktari nao una mahali pa penseli. Akasoma tiba Zaragoza, akamaliza mwaka 1873.

Jeshi likamchukua mara moja, na mwaka 1874 likampeleka Kuba, ambako Hispania ilikuwa ikipigana na waliodai uhuru. Malaria na kuhara damu vilimmaliza. Alirudi mwaka 1875, mifupa mitupu. Lakini malimbikizo ya mshahara wa Kuba ndiyo yaliyomsaidia baadaye kununua hadubini yake ya kwanza. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás, mwanamke aliyejua kuendesha nyumba ya watoto saba kwa mshahara ambao nusu yake uliishia kwenye chupa za dawa na karatasi. Kwa maoni yangu mama huyo ametajwa kidogo mno na waandishi wa historia.

Sasa tufike kwenye ubongo wenyewe, maana ndio uliomfanya ajulikane duniani.

Wakati huo wataalamu walikwisha kukubali kwamba ini, ngozi na nyama vimejengwa kwa seli, kama ukuta unavyojengwa kwa matofali. Ubongo tu ndio uliowashinda. Ukiukata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini unaona kichaka cha nyuzi zilizosongamana, hujui upi unaanzia wapi. Wengi wakaamini kwamba ubongo ni wavu mmoja usiokatika, nyuzi zote zimeungana.

Mwaka 1873 daktari wa Italia, Camillo Golgi, aligundua namna ya kuupaka rangi. Kipande cha ubongo kinalowekwa kwenye dawa iitwayo potasiamu dikromati, halafu kwenye nitrati ya fedha. Kwa sababu isiyoeleweka vizuri hadi leo, seli chache tu ndizo hugeuka nyeusi, tena nzima nzima, na zilizobaki hazionekani. Uzuri wa njia hiyo ni huo uchache. Ni kama kuingia sokoni siku ya gulio ukaweza kuwaona watu watatu tu kati ya elfu moja, kila mmoja kuanzia utosini hadi unyayoni. Lakini njia yenyewe ilikuwa na kigeugeu, mara inakubali, mara inakataa, na wengi waliipuuza.

Cajal aliiona mwaka 1887 mjini Madrid, nyumbani kwa daktari Luis Simarro. Hakulala tena. Aliporudi Barcelona, alikokuwa amehamishiwa kufundisha mwaka huo huo, aliongeza mbinu zake mbili. Kwanza, alirudia kuloweka mara mbili. Pili, badala ya ubongo wa mtu mzima alitumia wa vifaranga na vichanga vya wanyama ambao bado nyuzi zake hazijavikwa utando wa mafuta unaozuia rangi. Mwaka 1888, akitazama ubongo wa nyuma wa ndege, aliona kwamba nyuzi za seli moja zinaizunguka seli nyingine kama kikapu, zinaikumbatia, lakini haziungani nayo. Kila nyuroni inaishia kwake.

Tuseme hivi, kwa faida ya wanaofanya biashara mpakani. Golgi aliamini ubongo ni barabara moja ndefu isiyo na kizuizi, lori linatoka Kigoma hadi Bujumbura bila kusimama. Cajal alisema hapana, kila nyuroni ni nchi yenye mpaka wake. Matawi mafupi hupokea mzigo, mwili wa seli huujumlisha, na mkono mmoja mrefu huupeleka hadi ukingoni. Tena mzigo huenda upande mmoja tu. Hilo la mwelekeo alilieleza mwaka 1891.

Kuona ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Cajal aliandika kwa Kihispania, lugha ambayo wanasayansi wakubwa wa Ujerumani na Ufaransa hawakuisoma. Alianzisha jarida lake mwenyewe mwezi Mei 1888, nakala 60 tu, kwa fedha za mfukoni, akazituma nje, na zikaishia kimya. Ndipo Oktoba 1889 alipochukua akiba ya nyumba, akabeba vioo vyake vyenye vipande vya ubongo, akaenda Berlin kwenye mkutano wa wanaanatomia. Kijerumani hakuongea. Alitumia Kifaransa kibovu, na nilipofika kwenye sentensi hiyo nilifunga kitabu kwa muda. Akawavuta wakubwa mmoja mmoja waje watazame kwenye hadubini. Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimika kuliko wote pale, alitazama, akatazama tena, akamshika mkono. Baadaye mzee huyo alijifunza Kihispania, mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, ili asome maandishi ya Cajal.

Jina nyuroni lenyewe lilitungwa na Mjerumani Waldeyer mwaka 1891, na pengo lililo kati ya nyuroni mbili likapewa jina la sinapsi na Mwingereza Sherrington mwaka 1897. Mwaka 1906 Cajal na Golgi waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Walikutana Stockholm, na Golgi akatumia hotuba yake kuipinga nadharia ya mwenzake aliyekaa mbele yake. Cajal alihutubia kesho yake, akaeleza alichokiona. Pengo lenyewe lilionekana wazi miaka ya 1950, hadubini za elektroni zilipopatikana. Ni dogo kiasi kwamba ukigawa milimita moja mara 50,000, sehemu moja ndiyo hiyo. Kwa haki ya Golgi niongeze kwamba baadaye zilipatikana pia nyuroni zilizounganishwa na vijilango vidogo. Basi mzee yule hakukosea kila kitu.

Na ile hukumu yangu je? Nimeitafuta. Ni kweli kwamba katika kitabu chake cha mwaka 1913 na 1914, juu ya kuharibika na kupona kwa neva, Cajal aliandika kwa ukali kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia zimefungwa na kinachokufa hakizaliwi tena, ingawa hapo hapo aliiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibadili hukumu hiyo ikiweza. Lakini alikuwa akizungumzia nyuzi zilizokatwa na seli zilizokufa. Juu ya kujifunza alikwisha kusema jingine. Mwaka 1894, akihutubia London kwa Kifaransa, alieleza kwamba mazoezi ya akili huenda yanaongeza matawi na maungano kati ya nyuroni zilizopo. Hakuwa na ushahidi wa kutosha, alikisia. Ushahidi ulipatikana miongo mingi baadaye, mmoja wa walioutoa akiwa Eric Kandel, mtoto wa Kiyahudi aliyekimbia Vienna mwaka 1939 na kusomea Marekani. Alionyesha kwa konokono wa baharini kwamba kujifunza hubadili sinapsi zenyewe, nguvu yake na hata idadi yake, na mwaka 2000 alipata Nobel. Kwa hiyo mkufunzi wangu alichanganya kidonda na somo. Sikumwambia. Nilifaulu mtihani wake, si kwa kishindo.

Cajal aliendelea. Kuanzia mwaka 1907 aliongoza chombo cha serikali kilichopeleka vijana wa Kihispania kusoma nje ya nchi ili warudi kufundisha. Silveria alifariki mwaka 1930, na yeye akamfuata Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Michoro yake ya nyuroni, aliyoichora kwa kalamu na wino, bado hutumika vitabuni.

Mimi huichora ubaoni kwa chaki ninapofundisha saikolojia, Kifaransa asubuhi na Kiswahili pale darasa linapokwama. Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi mtu mzima, mama aliyefanya biashara ya dagaa na mawese kati ya Manyovu na Mugina kabla ya kurudi shule. Nilieleza kwamba kwenye ukingo wa nyuroni mzigo hushushwa, unavushwa pengo ukiwa ndani ya kemikali, kama wachukuzi wanavyovusha magunia, na upande wa pili unapokelewa. Akanyoosha mkono. Samahani mwalimu, akataka kujua, na magunia matupu anabaki nayo nani?

Lilikuwa swali la mfanyabiashara, na lilikuwa swali sahihi. Nikamweleza kwamba kemikali nyingi huzolewa na upande ule ule uliozituma, zikapakiwa upya kwa safari nyingine, na nyingine huvunjwavunjwa pale pale pengoni. Akaandika, kisha akaniomba nirudie ile ya kuvunjwavunjwa.