Ndevu za Jomo Ziko Mfukoni Mwako, Cheki Hiyo Sarafu

Leo ukiingia kwa kinyozi pale Kitale uitishe staili yoyote, uache kidevu peke yake ama uchore laini kwa mashavu, noma kubwa ni mathe kukuuliza kama umeanza kutembea na majambazi. Sasa toa sarafu ya zamani mfukoni, ile ya kichwa cha mzee. Hizo ndevu ni za Jomo Kenyatta, na kesi iliyompatia jina kubwa ilisikizwa Kapenguria, kama kilomita 40 tu kutoka Kitale.

Huyu buda alijua staili mapema. Miaka ya 1920 alikuwa anasoma mita za maji Nairobi, kiunoni amejifunga mshipi wa shanga. Mshipi huo ndio unasemekana ulizaa jina Kenyatta. Misheni ilikuwa imembatiza Johnstone.

Mwaka wa 1929 chama cha KCA kilimtuma London kulilia mashamba ya Wakikuyu. Akarudi 1930, akatoka tena 1931, na safari hii akakaa miaka 15. Maisha ilikuwa ngumu, hadi akatokea kwa filamu ya 1935 kama mmoja wa wale watu wa kujaza picha. Kisha 1938 akatoa kitabu, Facing Mount Kenya. Kwa picha yake hakuna suti: kuna ngozi begani, mkuki mkononi na ndevu kidevuni. Na jina ni Jomo. Johnstone ameisha. Unaona venye alijipanga? Wazungu walikuwa wameshazoea kuambia Mwafrika yeye ni nani, naye akaamua kujiambia mwenyewe.

Alirudi Kenya 1946, na 1947 akawa rais wa KAU. Usiku wa Oktoba 20, 1952, serikali ikamkamata, ikidai ndiye anaendesha Mau Mau. Kapenguria ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali na watu, reli haikufika, na huwezi kuingia bila ruhusa. Mawakili, akiwemo Pritt kutoka Uingereza, walilazimika kulala Kitale na kupanda huko kwa gari. Aprili 8, 1953, Jomo na wenzake watano, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba, wakapewa miaka saba ya kazi ngumu.

Huko Lokitaung alipewa kazi ya kupika, maana umri ulikuwa umesonga. Nje uvumi ukazagaa eti ameishiwa nguvu na akili. Aprili 1961 wanahabari wakapelekwa Maralal kumwona, wakampata akiwa timamu, anajibu maswali. Agosti akaachiliwa. Desemba 1964 akawa rais wa nchi.

Hapa ndipo stori inakuwa chungu kidogo. Uso wa mfungwa ukawa uso wa serikali, na 1966 ukachongwa kwa sarafu. Miaka mitatu baadaye, mzee huyo huyo aliyeonja jela bila haki akamfungia Jaramogi na kupiga KPU marufuku. Alifariki Mombasa, Agosti 22, 1978.

Moi akaweka uso wake kwa sarafu, kisha 2005 Jomo akarudi. Lakini Katiba ya 2010 ikasema pesa za Kenya zisiwe na sura ya mtu yeyote, na Desemba 2018 tukapata twiga, kifaru, simba na ndovu.

Kwa hivyo fuga ndevu zako msee, jaribu staili zote, usiogope kuitwa majina. Jua tu ndevu zinaweza kuambia watu umekataa kupangwa, ila haziwezi kukuzuia kuanza kupanga wengine. Hiyo ni kazi yako. Na ukipata siku ya bure, panda matatu uende Kapenguria. Zile seli bado ziko, siku hizi ni makavazi.