Finsen, tabibu aliyeiponya ngozi kwa nuru

Mwenye kidonda sugu siku hizi huambiwa kwamba yako matibabu ya leza, na mengine ya gesi ya ozoni, naye hudhani hayo ni mambo ya juzi. Hata hivyo, fikra ya kutibu ngozi kwa nuru ilipata heshima ya kisayansi zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa juhudi za mtu ambaye wanafunzi wetu wengi hawajamsikia.

Niels Finsen alizaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Faroe, milki ya Denmark, akahitimu udaktari Copenhagen mwaka 1890. Tangu ujanani utando wa moyo wake ulikuwa ukikakamaa na tumbo likijaa maji. Aliona kwamba jua humpa nafuu, akataka kujua sababu. Alijipaka wino mkononi, akauanika mkono juani: ngozi iliyofunikwa ilisalimika, iliyo wazi ikageuka nyekundu.

Mwaka 1895 aliukabili ugonjwa wa lupus, yaani kifua kikuu cha ngozi. Neno lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni mbwamwitu. Jina hilo lilistahili, kwani ugonjwa ulikula pua na mashavu hata mgonjwa akajificha asionekane na watu. Finsen alikusanya mwanga wa taa kali ya umeme kwa lenzi, akaupoza kwa maji usiunguze, akaikandamiza ngozi kwa kioo ili damu, ambayo huizuia miale, isogee kando. Mgonjwa alimulikwa yapata saa moja kwa siku, miezi kadhaa. Vidonda vikafunga. Taasisi ya Finsen ilianzishwa mwaka 1896, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel, ambayo hakuweza kwenda kuipokea kwa ugonjwa. Alifariki mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 43.

Ajabu ni kwamba maelezo yake hayakuwa sahihi. Aliamini kwamba miale ya urujuanimno huua bakteria moja kwa moja. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walivipima vifaa vyake, wakakuta kwamba miale mifupi yenye uwezo huo haikuweza kupenya. Yamkini nuru iligusa kemikali zilizomo ndani ya bakteria, zikazalisha oksijeni kali iliyowaua.

Kwa hiyo, kuthibitisha kwamba tiba yafaa ni jambo moja, kueleza kwa nini yafaa ni jingine. Finsen alikuwa na la kwanza. Watetezi wa ozoni wanalo la pili kwa wingi: kemia yao husikika vizuri, lakini mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 kuhusu vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba gesi hiyo huviponya.

Taa za Finsen nazo zilizimwa baada ya dawa za kuua bakteria wa kifua kikuu kupatikana katika miaka ya 1940.