Maisha ya John Boyd Orr, Mtaalamu wa Chakula

Kila mtu ajua kwamba njaa hudhoofisha mwili. Lakini si wengi wajuao kwamba mtu aweza kushiba kila siku na mwili wake ukabaki na njaa. Mmoja wa wataalamu waliolionyesha jambo hilo ni John Boyd Orr, na baadhi ya ushahidi wake ulitoka kwa jirani zetu wa Kenya.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, Scotland. Alipotoka chuo kikuu alipelekwa kufundisha katika mtaa wa maskini mjini Glasgow. Aliwakuta watoto wamekonda, wana chawa, na nguo zao ni matambara. Aliona kuwa kumfundisha mtoto mwenye njaa ni kazi bure, akaiacha shule ile baada ya siku chache. Alifundisha kwingine miaka michache, kisha akarudi chuoni kusomea udaktari.

Mwaka 1914 alikwenda Aberdeen kuanzisha kituo cha kuchunguza chakula. Mara Vita Kuu vikazuka, akaenda kutibu askari, akapewa nishani za ushujaa. Aliporudi alikijenga kituo chake, Rowett, kikafunguliwa mwaka 1922.

Humo alichunguza madini yaliyomo katika malisho na vyakula, kama kalsiamu, chuma na madini joto. Mengine mwili huyataka kidogo mno, kiasi cha punje chache za chumvi kwa siku. Lakini yakikosekana, ng'ombe hukonda huku amesimama katikati ya majani mabichi, na mtu huota rovu shingoni. Mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya madini ya malisho, na taarifa juu ya madini joto aliyoiandika pamoja na Isabella Leitch.

Wakati huo huo yeye na Dk. Gilks, mkuu wa idara ya afya ya Kenya, waliwachunguza Wamasai na Wakikuyu. Taarifa yao ilitoka mwaka 1931. Wamasai walitegemea maziwa, nyama na damu. Wakikuyu nafaka, viazi na kunde. Wanaume wa Kimasai waliwazidi wenzao kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, yaani kilo zaidi ya 10. Wakikuyu walionekana na upungufu wa damu na meno mabovu zaidi. Wamasai nao walisumbuliwa zaidi na tumbo na maumivu ya viungo. Ila kwa wanawake tofauti ilikuwa ndogo, maana wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani zenye kalsiamu, ambazo waume zao hawakuzijali.

Wataalamu wa baadaye waliikosoa taarifa hiyo. Walisema kuwa iliwahesabu watu wa kabila moja kama wanaokula sawasawa, wala haikutilia maanani ardhi waliyonyang'anywa.

Orr mwenyewe aliendelea kujifunza. Mwaka 1936 alionyesha kuwa karibu nusu ya watu wa Uingereza hawakuwa na fedha za kununua chakula bora. Basi kosa halikuwa ujinga peke yake, bali umaskini pia. Mwaka 1945 akawa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Alitaka mataifa yaweke akiba moja ya chakula kwa ajili ya wenye njaa, lakini wakubwa wakakataa, naye akaondoka mwaka 1948. Mwaka 1949 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani, na fedha zake akazigawa kwa vyama vya amani. Alifariki mwaka 1971, akiwa na miaka 90.

Wanafunzi wenzangu, katika Handeni na Korogwe mkulima na mfugaji ni majirani. Ugali wa mmoja na maziwa ya mwingine vyaweza kukutana katika chungu kimoja. Mchicha, kisamvu na mlenda viko karibu, na chumvi yenye madini joto iko dukani. Basi mvulana anayesukuma mboga kando ya sahani, akisema kuwa ni chakula cha wanawake, na awakumbuke wanaume wale waliopimwa na Bwana Orr.